Mawakili wa Malindi, semeni na anayepanda nyuma

Mawakili wanapokwenda shuleni kuwaeleza vijana juu ya ulevi barabarani, husema na dereva. Humsomea kifungu cha sheria, humtajia faini na jela, humuonyesha picha ya gari lililobondeka, kisha hujibu maswali mawili matatu na kuaga. Nia yao ni njema na nawashukuru kwa kutoa siku yao. Lakini tazama wanaowasikiliza. Chukua sekondari yoyote ya Malindi, iwe ya mjini au ya kule Ganda na Kakuyuni: wenye leseni ya chombo chochote ni wachache mno, na wenye gari ni nadra. Waliobaki wote ni abiria. Ndio watakaosimama nje ya klabu ya Lamu Road saa nane usiku wakitafuta pikipiki ya kuwarudisha Muyeye au Maweni, na pikipiki itakayosimama huenda inaendeshwa na mtu aliyeanza kunywa tangu magharibi.

Kwa hiyo nasema: elimu ya sheria kuhusu ulevi barabarani, kwa mji kama wetu, imuweke mbele yule anayepanda nyuma. Yeye ndiye mwenye nafasi ya kukataa akiwa bado ana akili zake, na sheria inamgusa kwa namna ambazo hajawahi kuambiwa na mtu.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani kote. Hapa Kenya, hesabu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, zimekuwa zikionyesha vifo zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa miaka kadhaa mfululizo. Si vyote vinatokana na pombe. Mwendo wa kasi, giza na barabara zisizo na kando ya kutembea vina sehemu yao, hasa kwenye barabara kuu ya kwenda Mombasa kuanzia Msabaha hadi Gede na kuendelea. Ila pombe huzidisha kila kimoja kati ya hivyo: aliyelewa hukimbiza zaidi, huona kidogo zaidi gizani, na huchelewa kumkwepa mwenye baiskeli asiye na taa. Na ubongo wa kijana ambaye bado anajifunza kuendesha huyumba kwa kiasi kidogo cha pombe ambacho dereva wa miaka mingi angekibeba bila kujionyesha. Ndiyo maana Shirika hilo hilo linapendekeza kiwango cha pombe kwenye damu kisizidi gramu 0.05 kwa desilita kwa madereva wa kawaida, na 0.02 kwa vijana na wanaoanza.

Kwa nini basi mawakili, wala si polisi au madaktari? Askari wa trafiki kwa kijana wa hapa ni mtu wa kukwepwa. Hata akisema la maana, linasikika kama utangulizi wa kuombwa kitu. Daktari hukutana na kijana mambo yakishaharibika. Wakili ndiye anayeliona jambo zima, tangu usiku wa kukamatwa, dhamana, shtaka, bima kukataa kulipa, hadi miaka mitatu baadaye mama anapofika ofisini na bahasha ya risiti za hospitali akiuliza kama bado anaweza kudai. Ujuzi huo hauna mwingine mwenye nao. Tena si suala la hisani tu. Sheria ya Chama cha Mawakili ya mwaka 2014, katika kifungu cha 4, inakipa chama hicho jukumu la kuwasaidia wananchi katika mambo yanayohusu sheria na kuisaidia serikali na mahakama katika utungaji wake. Kila mwaka mawakili nchini huwa na wiki ya kutoa mwamko wa sheria, wakakaa kwenye viwanja vya mahakama na kushauri watu bure. Malindi tuna Mahakama Kuu, na mawakili wetu si wanyonge: Malindi Law Society, chama chao cha hapa, ndiyo iliyokwenda mahakamani kuishtaki serikali, kesi iliyoamuliwa 2016, kupinga mahakimu kupewa kesi za ardhi. Watu wenye uwezo huo hawashindwi kukaa jioni moja kwa mwezi na vijana wa steji za bodaboda.

Marekani walianza kulishughulikia jambo hili zaidi ya miaka 40 iliyopita, na ni vyema kutazama walichojifunza kabla ya kuiga walichofanya. Mwaka 1980, mama mmoja wa California, Candace Lightner, alianzisha chama cha akina mama wa kupinga ulevi barabarani, MADD, baada ya binti yake wa miaka 13 kugongwa na kuuawa na dereva mlevi aliyekwisha kukamatwa kabla kwa kosa lile lile. Mwaka uliofuata, huko Massachusetts, ukaanza mpango wa wanafunzi uitwao SADD. Mwaka 1984 serikali kuu ikapitisha sheria iliyoyasukuma majimbo yote kupandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21, na miaka ya 1990 ikaja sheria kali kwa madereva walio chini ya umri huo, ambao hata pombe kidogo sana kwenye damu ni kosa kwao.

Mawakili wa huko nao wakaingia kwa njia zao. Zipo ofisi za mawakili wa kesi za ajali zinazolipia teksi usiku wa mwaka mpya na sikukuu nyingine, mtu akipeleka risiti anarudishiwa pesa zake. Nyingine hutoa fedha za masomo kwa mwanafunzi atakayeandika insha bora kuhusu ulevi na usukani. Na huko California umewahi kuwepo mpango ambao mimi nauheshimu kuliko yote: mahakama yenyewe huhamia shuleni. Hakimu, mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi huendesha kesi halisi ya ulevi barabarani mbele ya wanafunzi, kwa ridhaa ya mshtakiwa, na wanafunzi humuona mtu wa kweli akisomewa hukumu ya kweli. Hapo mwanafunzi hachezewi mchezo wa kuigiza wala hamwagiwi rangi nyekundu ya kuigiza damu.

Sasa swali gumu: je, elimu hii inapunguza ulevi barabarani? Mapitio ya tafiti za programu za shuleni yaliyochapishwa Marekani mwaka 2005 yalitoa jibu ambalo lingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila anayeandaa mhadhara. Mafunzo ya darasani yalionyesha ushahidi wa kutosha kwamba yanapunguza vijana kupanda gari la mtu aliyekunywa. Lakini kuhusu kuwazuia wenyewe wasinywe wakaendesha, ushahidi haukutosha. Vilevile vikundi vya wanafunzi wa kuhamasishana havikuwa na ushahidi wa kutosha.

Kwangu mimi jibu hilo halishangazi. Anayelewa hufanya uamuzi wake wa kuendesha wakati ule ule pombe imeshamwambia kwamba yuko sawa. Mhadhara aliousikia mwezi wa tatu hauna nafasi kichwani mwake saa hiyo. Anayepanda nyuma hali yake ni tofauti. Mara nyingi hajanywa, au kanywa kidogo. Hana sifa ya udereva ya kuitetea. Uamuzi wake ni wa dakika moja: kupanda au kutopanda. Ukimpa neno la kusema na njia nyingine ya kurudi nyumbani, umeshamsaidia.

Lakini njia ya kurudi nyumbani ndipo mfano wa Marekani unapokwama mlangoni petu. Ule mpango wa wanafunzi wa 1981 ulileta mkataba kati ya kijana na mzazi: kijana anaahidi kupiga simu akijikuta hana njia salama ya kurudi, mzazi anaahidi kumfuata popote alipo bila kufoka usiku ule. Ni mkataba mzuri. Hebu uulete Shella au Barani, kwenye nyumba ya Waislamu ambamo pombe haitajwi isipokuwa kwa kulaaniwa. Kijana wa miaka 19 atampigia nani simu saa nane usiku? Kwa babake, simu hiyo ni kukiri mambo matatu kwa pamoja: kwamba hakuwa kwa rafiki yake akisoma, kwamba alikuwa mahali pa pombe, na kwamba huenda amekunywa. Hata yule ambaye hajaonja tone, aliyekwenda kwa ajili ya muziki na marafiki tu, hawezi kuithubutu simu hiyo. Atapanda pikipiki yoyote itakayomfikisha kabla ya adhana ya alfajiri. Naamini aibu hii inawapandisha vijana wetu nyuma ya walevi kuliko ujinga wa sheria.

Upande wa pili wa mji wetu una hali yake. Kwa jamaa zetu wa Kimijikenda mnazi si kitu cha kufichwa. Upo kwenye mahari, upo kwenye matanga, upo kwenye kusuluhisha ugomvi wa wazee, na mgema ni mtu mwenye kazi yake ya heshima. Mnazi wa asubuhi ni mtamu na mpole, wa jioni umeshachachuka na kushika makali, na hauna chupa yenye kibandiko cha kueleza nguvu yake. Mwendesha boda anayepita kwenye mangwe, yaani vilabu vya mnazi, kuanzia saa tisa mchana hajioni kama amekunywa pombe, maana kwake pombe ni ile ya chupa ya klabu. Wakili anayekuja na vielelezo vya bia na glasi za mvinyo, akieleza glasi ngapi ni kiasi gani, anamzungumzia mtu wa mji mwingine. Aanze na mnazi. Aseme waziwazi kwamba kifungu cha sheria kinataja kilevi na dawa, hakibagui kilichotengenezwa kiwandani na kilichogemwa juu ya mnazi wa babu.

Halafu kuna disco matanga, ambazo wakuu wa serikali Kilifi wamezipiga marufuku mara kwa mara na bado zinapigwa. Vijana wanatoka vijiji vinne vitano kwenda kwenye msiba wa mtu wasiyemjua, muziki hadi usiku mwingi, mnazi na vinywaji vingine vinapita mkono kwa mkono, na wengi wao hawajafika miaka 18 ambayo Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inaitaja kuwa ndiyo umri wa kuuziwa pombe. Mkutano ukivunjika, pikipiki tatu zinachukua watu wanane. Msichana aliye pale ana uchaguzi ambao mhadhiri wa mjini hajaufikiria. Akikataa kupanda na mlevi, atembee kilomita nne gizani peke yake? Wapo wasichana waliofanya hesabu hiyo na kuona pikipiki ya mlevi ina hatari ndogo kuliko njia ya mashambani, na siwezi kuwaambia walikosea. Ndiyo sababu nikasema neno la kukataa halitoshi bila njia nyingine ya kurudi.

Tuje kwenye sheria yenyewe, maana hapo ndipo mawakili wanapotakiwa kusema kweli yote. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema ni kosa kuendesha, kujaribu kuendesha, au kuwa na mamlaka juu ya chombo cha moto barabarani ukiwa umelewa kiasi cha kutoweza kukidhibiti ipasavyo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Pikipiki ni chombo cha moto kama lilivyo gari. Na akifa mtu kwa sababu ya uendeshaji wa hatari, kifungu cha 46 kinafikisha kifungo hadi miaka 10, pamoja na kufutiwa leseni na kuzuiwa kuipata nyingine kwa miaka 3, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa baada ya kutoka gerezani ikiwa mtu amefungwa.

Vijana wengi wanajua jambo moja tu kuhusu haya: kwamba alkoblo, kile kipimo cha pombe cha kupuliza, ilishindwa mahakamani. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliona kanuni za alkoblo za 2011 haziwezi kupita mipaka ya sheria mama. Kanuni zilihesabu kiwango kwenye pumzi, ilhali sheria inataka ithibitishwe kwamba dereva hakuweza kudhibiti chombo. Kwa hiyo kuvuka kiwango peke yake hakukutosha kumtia mtu hatiani. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, na mimi sioni ubaya wa mahakama kukataa askari apewe nguvu ambayo Bunge halikuitoa. Lakini ulipofika mitaani uligeuka kuwa habari kwamba siku hizi kulewa na kuendesha si kosa. Mawakili ndio waliobishana kesi hiyo pande zote mbili. Ni wao wanaopaswa kuja kueleza kwamba kifungu cha 44 hakikuguswa, kwamba askari aliyekuona unayumba, ukaguzi wa daktari na maelezo ya uliyemgonga vyote ni ushahidi. Na katika lile jukumu lao la kusaidia utungaji wa sheria, wana deni la kushughulikia pengo lililobaki kati ya kipimo na kifungu.

Sasa yule wa nyuma. Hajui kwamba akipanda huku anajua dereva amelewa, kisha akaumia, fidia yake yenyewe inaweza kupunguzwa. Sheria yetu ya Law Reform Act, Sura ya 26, inaruhusu mahakama kugawanya lawama pale aliyeumia alipochangia kuumia kwake. Huko Uingereza kuna kesi ya mwaka 1977, Owens dhidi ya Brimmell, ya marafiki wawili waliozunguka baa pamoja wakinywa kisha wakapata ajali kwenye gari la mmoja wao. Abiria aliumia vibaya kichwani. Mahakama ilimpa fidia lakini ikamkata asilimia 20, kwa kuwa alipanda akijua hali ya mwenzake. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Malindi, ila mawazo yake ni ya asili moja na sheria tuliyorithi. Wakili akiueleza, asiueleze kwa sauti ya kumlaumu aliyeumia. Yule msichana wa matanga hakuwa na chaguo la bure, na wakili mzuri angesimama mbele ya hakimu kusema hivyo kwa nguvu zote. Aueleze kama habari anayostahili kuwa nayo mtu kabla hajaweka mguu wake kwenye pikipiki.

Bima ndiyo sehemu inayoumiza zaidi, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye chombo kuwa na bima ya mtu wa tatu, yaani ya kumlipa mwingine atakayeumizwa na chombo hicho, na chombo kinachobeba abiria kwa malipo kinatakiwa bima yake iwahusu abiria hao. Fidia inayolazimika kulipwa na kampuni ya bima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hiyo ni nadharia. Kwenye steji zetu si ajabu kukuta pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ilhali inabeba abiria kutwa kucha, au ambayo bima yake iliisha zamani. Mikataba mingi ya bima nayo ina sharti la ulevi: kampuni ikithibitisha dereva alikuwa amelewa, inaweza kukataa kutengeneza chombo chake, na hata kama italazimika kumlipa aliyeumia, inaweza kumgeukia dereva imdai kilicholipwa. Na pasipo bima, aliyeumia anabaki na hukumu dhidi ya kijana ambaye mali yake yote ni pikipiki iliyo chini ya mkopo. Atashinda kesi na hatapata hata nauli ya kurudi mahakamani.

Hebu mfuate dereva huyo pia, maana naye ni mtoto wa mtu. Pikipiki imekaa kituoni kama kielelezo, ikisubiri mkaguzi. Mkopo wake wa kila siku haujasimama. Kama pikipiki ni ya bosi, bosi anataka hesabu yake. Kijana anashauriwa na watu wa korido akiri kosa upesi yaishe, anakiri bila kuzungumza na wakili yeyote, analipishwa faini kwa mchango wa ukoo. Miezi sita baadaye anapata nafasi ya kwenda kufanya kazi Qatar au Saudia, anaambiwa alete cheti cha tabia njema, na hapo ndipo anapofahamu kwamba hukumu ya jinai iliyoingia kwenye rekodi pamoja na alama za vidole inaweza kumfuata. Jela ya miaka 2 haimtishi kijana wa miaka 20, kwa sababu hajawahi kuona mtu wa steji yake akifungwa miaka 2. Kazi ya Ghuba kupotea anaielewa mara moja. Mawakili wanaotaka kusikilizwa wachague matokeo ambayo kijana ameyaona yakimpata mtu anayemjua.

Najua wapo watakaosema kwamba kuwafundisha vijana haki zao wanapokamatwa ni kuwasaidia walevi watoroke. Sikubaliani. Ibara ya 49 ya Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Kijana asiyejua haya ndiye anayemalizana na askari kando ya barabara kwa noti mbili, kisha akawasha pikipiki na kuendelea na safari yake akiwa amelewa vile vile, na abiria wake nyuma. Rushwa ile ndiyo inayomrudisha mlevi barabarani. Anayezijua haki zake hana sababu ya kuinunua njia, na chombo chake kinabaki pale kilipo hadi asubuhi.

Neno fupi juu ya shaka nyingine: kwamba mawakili watautumia mpango huu kujitafutia wateja. Shaka hiyo ina msingi, maana tumeona madalali wa kesi wakifika kwenye wodi kabla ya ndugu wa majeruhi. Kanuni za matangazo za mawakili za mwaka 2014 zinawaruhusu kujitangaza kwa mipaka, na kuwinda wateja kumekatazwa. Dawa yake ni rahisi: mafunzo yatolewe kwa jina la chama, asiwepo mtu wa kugawa kadi za ofisi yake.

Tena yatolewe pale vijana walipo. Shuleni sawa, iwe ni kwa kuleta kesi halisi, na hakimu mkuu pamoja na Kamati ya Watumiaji wa Mahakama wanaweza kulizungumza hilo kwa namna itakayolinda heshima ya mshtakiwa. Lakini wengi wanaokufa walishaacha shule. Wako steji ya soko la zamani, wako Gede kwenye njia panda ya Watamu, wako Mambrui baada ya daraja la Sabaki, na jioni wako mangwe. Nenda saa kumi, kabla mnazi haujawakolea, ukae kwenye benchi lao. Zungumza Kiswahili cha hapa, na Kigiriama ukiweza au upate wa kukusaidia. Waulize wao wanafanyaje mwenzao akizidiwa. Utasikia kwamba baadhi ya steji tayari huwa zinamnyang'anya mtu ufunguo. Anza na hapo. Waeleze pia kwamba kahawa chungu, ndimu na kuoga baharini haviondoi pombe kwenye damu, ni saa tu zinazoiondoa, na ni nyingi kuliko wanavyodhani.

Wakati nao una maana. Wiki ya mwamko wa sheria ni moja kwa mwaka. Pilikapilika zetu ni Agosti na Desemba, wageni wanapojaa na watoto wa bara wanapokuja baharini, klabu zinakesha na boda hawalali. Kikao kimoja cha mwisho wa Novemba kina faida kuliko vitatu vya Februari.

Na kuna kazi ambayo mawakili wanaijua kuliko mtu yeyote, nayo ni kuandika makubaliano. Steji nyingi zina mwenyekiti, mweka hazina na sheria zao za kusemwa kwa mdomo. Wakili mmoja anaweza kukaa na wazee wa steji akawaandikia ukurasa mmoja wa kanuni: anayekunywa anakabidhi ufunguo kwa mwenyekiti hadi alfajiri; kila usiku wa mwisho wa juma na kila usiku wa matanga ya karibu, waendeshaji wawili hawanywi na namba zao za simu zimebandikwa ukutani; msichana au kijana yeyote akipiga, anafuatwa na kurudishwa, na hakuna wa kuulizwa alikuwa wapi wala wa kwenda kumwambia mjomba wake. Hapo ule mkataba wa Massachusetts unapata mahali pa kukaa kwetu, kwa sababu anayepigiwa simu si baba.

Kipengele kigumu katika ukurasa huo ni cha pesa. Mwendesha boda anayekabidhi ufunguo saa mbili usiku wa Jumamosi amekosa saa zenye faida kuliko zote za wiki, na mwenye pikipiki kesho yake anataka hesabu kamili. Wale wawili wanaokaa bila kunywa nao wanatumia mafuta kumfuata mtu asiye na nauli. Bila ya wamiliki wa pikipiki kukaa kwenye benchi lile lile na kukubali kupunguza hesabu ya usiku huo, na bila ya wenye klabu za Lamu Road kuchangia mafuta, kanuni itavunjwa wiki ya kwanza. Kwa hiyo barua ya kwanza ambayo mawakili wa Malindi wanapaswa kuiandika iende kwa wamiliki hao, kabla hata ya ile ya kwa mwalimu mkuu.